Herufi Mbili Zenye Kofia

Simu ilipolia, Dada Bango alikuwa amepiga magoti sakafuni akimnyoosha mama yake mguu, kama walivyomfundisha hospitalini. Akaona ni nani anayepiga, akaiacha ilie hadi ikanyamaza. Ikalia tena. Ilipoanza kwa mara nyingine mama akasema, "Pokea basi, si kaka yako huyo?" Akapokea, kwa sababu mama hakujua lolote.

"Dada!" Sauti ya kaka ilikuwa tamu kama ya kuazima. "Mama anaendeleaje?"

"Vizuri."

"Sasa, kuna kitu kidogo huku karakana. Kompyuta inatusumbua. Njoo mara moja utusaidie."

Utusaidie. Neno hilo lilimchoma pale pale lilipokuwa limemchoma mara ya kwanza.

Maana hakuitwa Dada Bango bure. Karakana ile ya mabango na stika aliianzisha mwenyewe, sebuleni kwa mama, kwa mashine ndogo ya kukatia iliyokuwa ikikohoa kama mtu mwenye kifua. Alichora, akakata, akabandika: vibao vya maduka, namba za milango, majina kwenye vioo vya magari. Kazi ilipopanuka akakodi chumba barabarani. Kaka yake alipoachishwa kazi ya ghalani, ni yeye aliyemwita, akamfundisha kushika kisu, kubandua stika bila kuichana, kubonyeza hiki na kuacha kile. Kuchora tu ndiko kulikomshinda. Mkono wa kaka uligoma katakata. Basi akampa kazi ya kuongea na wateja, na kwa maneno kaka alikuwa hana mpinzani.

Kisha mama akateleza bafuni akavunjika nyonga. Dada Bango akahamia hospitali, analala kwenye kiti, anakula akiwa amesimama. Alipopata nafasi ya kuchungulia kazini, ufunguo wake ukagoma kuingia mlangoni. Akadhani amekosea ufunguo, akajaribu mwingine. Alipoinua macho akaona bango jipya juu ya mlango: jina la kaka yake na chini yake neno MKURUGENZI, kwa herufi nyekundu zilizobanana huku na kuachana kule. Na Mungu amsamehe, kilichomuuma kwanza ni ule mpangilio mbovu wa herufi.

Wifi yake akafungua mlango nusu. "Aa, wifi! Hukuambiwa? Tumesajili biashara. Iko kwa jina la mume wangu sasa."

"Biashara ipi? Yangu?"

Kaka akajitokeza nyuma ya mkewe, tai shingoni. "Usituletee kelele barabarani. Karakana ni ya familia. Wewe ulikuwa unasaidia tu."

Hakulia. Aligeuka akarudi wodini. Huko akakuta kaka ameshamwahi kwa mama, amemwambia kwamba dada mtu ameacha kazi kwa hiari yake ili amuuguze mzazi, na mama akamshika binti yake mikono akamshukuru kwa machozi. Ungefanyaje? Umwambie mgonjwa wa nyonga kwamba mwanawe wa kiume ni mnyang'anyi? Akameza. Lakini alichokimeza hakikusagika. Kila siku, akimwogesha mama, akimvalisha soksi, alikuwa anaunga kisasi kichwani, anakivunja, anakiunga upya. Leo atammwagia rangi kwenye mashine, kesho atavunja kioo, keshokutwa ataenda mahakamani. Vyote alipovipima aliviona vidogo.

Na sasa anaitwa kusaidia. Akamfunika mama miguu, akajitanda, akaenda. Njia nzima alijiambia anakwenda kwa jambo moja tu: kukataa mbele ya macho yao.

Karakana ilikuwa imebadilika. Katikati palikaa mashine mpya ya kuchapa, pana kama kitanda cha watu wawili, plastiki bado haijabanduliwa pembeni. Wifi alikaa kwenye stuli akichezea simu. Mbele ya kompyuta, ile ile kompyuta ya Dada Bango, aliinama fundi kutoka duka lililouza mashine, mtu mzima mpole mwenye miwani mikubwa, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Wametuletea fundi bomu," kaka akasema badala ya salamu. "Wiki nzima anaweka programu, programu haiwekeki."

Fundi hakujibu tusi. Alimgeukia mgeni. "Dada, inafika katikati inakufa. Nimebadilisha kebo, nimezima ulinzi wa virusi, nimepakua upya. Kila mara inaniandikia kwamba folda haionekani. Na folda ipo! Leo asubuhi ndipo nimeona tatizo. Tazama hapa." Akaweka kidole kwenye skrini. "Programu inajiweka ndani ya folda ya mwenye akaunti. Na mwenye akaunti jina lake ni hili."

Lilikuwa jina lake. Si Dada Bango, bali lile la nyumbani, alilopewa na bibi mzaa mama kwa lugha ya kwao, lugha ambayo baadhi ya herufi zake huvaa alama juu kama kofia ndogo. Jina lake lina herufi mbili za namna hiyo. Shuleni waliwahi kuzivua kofia, kwenye kitambulisho wakazivua, benki wakazivua. Siku aliponunua kompyuta ile akasema, angalau humu ndani nitaingia na kofia zangu, akaliandika jina zima kama bibi alivyolitamka. Na sasa katika ule ujumbe wa makosa, pale penye zile herufi mbili, palikuwa na vijisanduku vitupu.

"Waliotengeneza programu hii walizifikiria herufi za Kiingereza peke yake," fundi akaeleza. "Ikikutana na hizi zenye kofia inachanganyikiwa, inazigeuza kuwa vijisanduku. Halafu inatafuta folda yenye vijisanduku, na folda hiyo haipo duniani."

Dada Bango alijikuta anabana kicheko. Walimkwangua mlangoni, wakamkwangua kwenye muhuri, kwenye risiti, kwenye fulana za kazi. Humu wakamsahau, na jina lake limewakaba mashine yao mpya kama mwiba wa samaki kooni.

"Si mlifute tu hilo jina?" wifi akauliza bila kuinua uso.

"Tumeshalibadilisha, mama. Ukiwasha kompyuta unaona jina la Mkurugenzi. Ila hilo ni la mlangoni tu. Folda ya ndani ikishazaliwa na jina, inabaki nalo. Dawa ni kufungua akaunti mpya, jina liwe la herufi za kawaida. Na hapo kompyuta inataka neno la siri la msimamizi." Akamtazama Dada Bango. Wote wakamtazama. "Vinginevyo nifute kila kitu nianze upya, na michoro yote ya nyuma itapotea. Hilo sithubutu."

Kaka akakohoa. "Basi dada, weka hilo neno lako tumalize. Nina kazi ya hospitali nzima inanisubiri. Milango yote, korido zote. Unajua maana yake?"

Alijua. Hospitali ile ile aliyolala kwenye kiti. Alikuwa amefungua mdomo aseme hapana, lile jibu alilokuja nalo, wazo jingine lilipoingia. Halikuingia kwa kishindo. Liliingia taratibu, likakaa kitako, akaona hili sasa si dogo.

"Sawa," akasema. "Si mimi huwa nasaidia tu?"

"Hayo ndiyo maneno!" Kaka akatoka nje kupokea simu, kifua mbele.

Dada Bango akakaa kwenye kiti chake cha zamani. Akaweka neno la siri, akafungua akaunti mpya. Kompyuta ikauliza: jina la mtumiaji? Akatulia kidogo, vidole hewani, kama mtu anayechagua kitambaa cha sikukuu. Kisha akaandika, kwa herufi ndogo, bila haraka: mwizi_wa_dada_yake.

Nyuma ya bega lake pumzi ya fundi ikakatika.

"Dada," fundi akanong'ona. "Jina ndilo hilo?"

"Lina kasoro?"

Fundi akatazama mlangoni. Nje Mkurugenzi alikuwa anamweleza mtu kwenye simu, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, jinsi alivyoletewa fundi asiyejua kushoto wala kulia. Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Halina kofia hata moja," akasema. "Programu italipenda sana."

Na kweli ililipenda. Ilijiweka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Dada Bango akalibadilisha jina la mlangoni likawa la Mkurugenzi, likang'aa kwenye skrini kwa heshima zote, kisha akaihamishia michoro kwenye folda mpya. Kazi hiyo ilimpitisha machoni miaka yake yote, lakini akili yake ilikuwa kwingine.

"Kuna kitu kingine," fundi akasema chini chini. "Mashine hii huchapa mstari mdogo chini ya kila karatasi. Jina la mchoro, na njia yote ya folda ulimo, pamoja na jina la akaunti. Watu wengi huuzima."

"Uache. Mkurugenzi anapenda mambo yaonekane."

Karatasi ya kwanza ya majaribio ikatoka, rangi safi. Fundi mwenyewe akachukua kisu, akaikata pembezoni, akalikunja lile pande la chini akalitia mfukoni. Kaka akaingia akapiga makofi. "Umeona? Kitu kidogo tu!" Ahsante hakuisema. Wifi alimpa chupa ya maji anywe njiani.

Halafu, kimya. Siku zikapita na hakuna kilichotokea. Dada Bango aliposumbuka sana akapita barabara ile, akaelewa kwa nini: kazi zote zilikuwa zinakatwa pembezoni kabla ya kumfikia mteja. Kisasi chake kilikuwa kinaishia kwenye pipa la taka pamoja na vipande vya stika, pande juu ya pande, mwizi wa dada yake juu ya mwizi wa dada yake, na hakuna anayesoma taka. Akajilaumu kwa kujifanya mjanja. Wenzake hurusha jiwe, kioo kinapasuka, roho inatulia. Yeye ameandika.

Alikuwa amekaribia kukata tamaa alipopigiwa na afisa manunuzi wa hospitali, mama mmoja wa maneno mengi ambaye Dada Bango aliwahi kumtengenezea vibao vya ofisi.

"Dada Bango, umekaa?"

"Niko jikoni."

"Tafuta kiti." Mama yule alikuwa anahema kwa kicheko alichokuwa amekibana. "Kaka yako leo ametuletea sampuli mbele ya kamati. Kavaa suti. Kaleta karatasi nzima nzima, hazijakatwa, ati tuone ukubwa na usafi wa mashine. Kamgawia kila mtu yake. Sasa tuna daktari wetu mkuu hapa, yule husoma kila kitu mpaka maandishi ya chini ya chupa ya dawa. Kasogeza miwani, kasoma kwa sauti: 'Wodi ya Wazazi, mchoro wa pili, mwizi wa dada yake.' Akauliza, samahani, hii ni nini? Sote tukageuza karatasi zetu. Ya maabara, mwizi wa dada yake! Ya chumba cha maiti, mwizi wa dada yake!"

"Yeye akasemaje?"

"Kasema ni kosa la mashine. Metroni akamuuliza, mashine imejuaje?"

Hapo afisa manunuzi kicheko kikamtoroka, na Dada Bango akangoja kiishe. Kilipoisha, sauti ya upande wa pili ikawa ya kazi. "Sasa nijibu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi kazi tumeisimamisha. Wewe una mashine?"

"Nitapata."

Akaweka simu mezani. Furaha iliyompanda haikuwa nzuri, alijua hivyo, na hakutaka ishuke.

Kaka alifika mchana ule ule, suti mwilini, tai mfukoni. Hakubisha hodi. Alimpita dada yake ukumbini akaenda moja kwa moja hadi kwa mama, aliyekuwa kwenye kiti chake cha mito karibu na dirisha, akamtupia karatasi mapajani.

"Mama, mwanao ameniua!"

"Amekuuaje nawe unapiga kelele?"

"Ameniandikia matusi kwenye kompyuta yangu! Hospitali nzima imeyaona!"

"Matusi gani?"

Kaka akainyooshea kidole ile karatasi.

Mama akaishika karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Miwani sina hapa. Nisomee."

"Mama, acha tu—"

"Nimesema nisomee. Umekuja kushtaki, nitaamuaje nisichokijua?"

Dada Bango alisimama mlangoni, bega kwenye fremu. Hakupanga hili. Hata katika vile visasi vyote alivyoviunga bafuni hakuwahi kuthubutu kulifikiria. Alimwangalia kaka yake akiinama, akiuchukua ule ukurasa kwa vidole viwili.

"Mwizi," kaka akasema.

"Malizia."

"Mwizi wa dada yake."

Mama akamtazama mwanawe, kisha binti yake, kisha mwanawe tena. "Na dada yako ameibiwa nini?"

Dada Bango angeweza kusema. Maneno alikuwa nayo tangu wodini, yamepangwa kwa mstari. Aliyazuia. Acha aseme mwenyewe. Na kaka, yule asiye na mpinzani kwa maneno, akaanza kujikwaa: karakana, familia, usajili, hali ya biashara, dada alikuwa anasaidia. Kila alipotaka kupindisha, mama alimrudisha kwa swali fupi, mpaka yakabaki mafupa matupu ya kile alichokitenda.

"Nikiwa nimelala hospitali?" mama akauliza. "Siku zile ulizokuwa unaniletea juisi?"

"Ndiyo, mama."

Mama akageukia dirishani. "Nenda."

"Mama, nisikilize—"

"Nenda. Nikiendelea kukuangalia nitatamka neno ambalo mzazi hatamki."

Mlangoni kaka akasimama uso kwa uso na dada yake. Jasho lilikuwa limemtengenezea ramani kwenye kola. "Libadilishe hilo jina."

"Halibadiliki. La mlangoni ndilo linalobadilika. Fundi alikuambia, ulikuwa nje unamsema."

"Basi fungua akaunti nyingine. Nipe neno la siri."

"Niombe."

"Nakuomba."

"Si hivyo. Niombe kama mtu aliyeniibia."

Taya za kaka zilicheza. Angeweza. Neno moja tu, na labda, nani ajuaye, dada angelainika. Lakini alitazama pembeni, akashuka ngazi, akaondoka.

Baada ya siku chache aliyekuja ni fundi, begi begani, uso umemshuka. Hakutaka kuketi.

"Ameniamuru nifute kompyuta yote," akasema. "Nimemwambia michoro itapotea. Akasema bora ipotee kuliko aje kukuomba. Nikafuta, dada. Nilidhani wewe unayo nakala."

Dada Bango akaegemea ukuta. Nakala hakuwa nayo. Siku ile alikaa kwenye kile kiti, kipanya mkononi, kazi zake zote tangu ya kwanza kabisa zikipita mbele yake folda kwa folda, na angeweza kuzibeba zote kwenye flashi ya ukubwa wa kidole. Hakukumbuka. Alikuwa amelewa utamu wa lile jina aliloliandika. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ufunguo ukatae mlango, akalia waziwazi mbele ya mgeni.

"Pole, dada."

"Usinipe pole. Niache nimalize, halafu uniambie mashine ya mkono wa pili naipata wapi."

Fundi alimpatia ya kukodi, akaileta mwenyewe, akaifunga sebuleni pale pale ilipokaa ile ya kwanza. Mabango ya milango ya hospitali akayachora upya, moja baada ya jingine, na yalipobandikwa metroni alipita akizigusa herufi kwa kidole, akitingisha kichwa kwa kuridhika. Alipokuwa akichora, machungu yalimpungua, ila hasira haikuisha, wala hakuitafutia dawa. Mara kwa mara ikamjia picha ya kaka yake mbele ya skrini tupu, ana mashine kama kitanda na hana hata mchoro mmoja wa kuilisha, na mkono wake mwenyewe ukaenda kwa kasi zaidi.

Wifi alikuja asubuhi moja. Alibisha hodi safari hii, na simu yake ilikuwa ndani ya mkoba.

"Wifi, mwenye duka la dawa anataka nembo yake ile ya zamani," akasema akitazama zulia. "Sisi hatuna tena mchoro. Tukafikiri, kwa sababu uliichora wewe, labda ungetuchorea..."

"Mlete."

"Mchoro?"

"Mteja."

Wifi akaukwapua mkoba wake, akaondoka. Alielewa. Lakini mwenye duka alikuwa anamsumbua kila siku, akatishia kuita watu, ikabidi wamwelekeze, na haukupita muda akajitokeza mwenyewe mlangoni kwa mama, kofia mkononi. Dada Bango akamketisha, akamchorea nembo yake mbele ya macho yake, jani kwa jani, bora kuliko ya kwanza.

"Hii sasa nimpelekee Mkurugenzi aichape?" yule bwana akauliza.

"Peleka unakotaka."

Mwenye duka akaitazama nembo, akaitazama mashine ya kukodi, akamtazama mwanamke aliyekuwa tayari ameshachukua kisu. "Basi chapeni hapa hapa."

Kesho yake wakaja wenzake wawili, mwenye duka la matairi na fundi cherehani. Waliposimama ukumbini wakiuliza kama hapa ndipo, mama, kutoka kwenye kiti chake cha mito, akainua sauti.

"Nani hao?"

"Wateja wa kaka, mama."

Mama akajiweka sawa kwenye mito.

"Wape viti," akasema.